Mashine ya kukatia nyasi ya kusukuma ya inchi 21 yenye injini ya GXV160: injini haina neno, ila itazame breki kabla ya kulipa

Tuanze na jibu, maana wengi mnataka kujua kama mnunue au msinunue. Nunua ikiwa una uwanja wa nyasi wa robo eka hadi nusu eka, ardhi isiyo na miteremko mikali, na mtu mmoja anayejulikana ambaye ndiye atakuwa anaishika. Usinunue kama eneo lako ni kichaka cha kufyeka kinachofika magotini, wala kama ni kibustani cha mbele ya nyumba ambacho fyekeo na nusu saa vinakimaliza. Kwa uwanja wa mpira, wa mita 105 kwa 68, utasukuma siku nzima na bado jioni itakukuta golini.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kisu kina upana wa sentimita 53, lakini kila mstari lazima uuingilie mstari uliopita kwa sentimita 8 hadi 10, kwa hiyo unabaki na sentimita 45 za kazi. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa hiyo ni kama mita za mraba 1,350 kwa saa kwenye karatasi. Ondoa kugeuka, kumwaga mfuko wa nyasi na kuzunguka miti, unabaki na 800 hadi 1,000. Robo eka, yaani kama mita za mraba 1,000, ni saa moja na kitu.

Injini hii ya Honda utaikuta imefungwa kwenye mashine za majina tofauti, si za Honda peke yake, kwa hiyo tunapima injini na mambo ya kutazama kwenye mashine yoyote iliyoibeba. GXV160 ni ya mipigo minne, silinda moja, sentimita za ujazo 163. Valvu ziko juu, shafti inashuka wima, na kisu kimefungwa chini kwenye shafti hiyo hiyo. Honda wanaitaja kuwa na kilowati 3.2 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Kwa nyasi za uwanjani kama ukoka na kikuyu ni nguvu ya kutosha na chenji inabaki.

Hapo pa shafti na kisu ndipo pa kuelewa kabla ya mengine yote. Kwenye mashine nyingi za aina hii hakuna klachi katikati: injini ikiwaka, kisu kinazunguka, na kikizunguka kinakwenda kasi ambayo macho hayaioni. Kisu cha sentimita 53 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 83 kwa sekunde, kama kilomita 300 kwa saa. Ikigonga jiwe la ukubwa wa punje ya hindi, jiwe hilo linatoka kama risasi. Kwa sababu hiyo mashine ya upana huu hutoka kiwandani imefungiwa gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini, isifike 3,600, maana kwa 3,600 ncha ingefika mita 100 kwa sekunde, na viwango vya Marekani vinaweka kikomo cha mita 96 na ushee. Fundi akikwambia atavuta springi ya gavana "ipate moto zaidi", mwambie asiiguse. Anachoongeza ni kasi ya ncha, na kisu hakikuundwa kwa kasi hiyo.

Sasa dukani. Kitu cha kwanza kutazama si injini, ni upau mwembamba unaokaa sambamba na mpini, ule unaoushika pamoja na mpini wakati wa kazi. Ukiuachia, breki inaibana flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na injini inazimika pamoja na kisu. Marekani waliufanya kuwa sharti tangu Juni 1982 kwa mashine za majumbani: ukiachia, kisu kisimame ndani ya sekunde 3. Huku kwetu zinaingia mashine zenye upau na zisizo nao, na zisizo nao huwa na kikono cha mafuta tu. Ukiteleza ukaanguka, mashine hizo zinaendelea kunguruma na kisu kinazunguka karibu na miguu yako. Hata ukivuta kikono hadi mwisho, kisu kinaendelea kwa sekunde kadhaa baada ya injini kunyamaza. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili isikudanganye. Chukua yenye upau.

Na ukishaichukua, usiruhusu mtu aufunge upau kwa mpira au waya ili "mkono usichoke". Ni tabia iliyozagaa, na inaondoa kile ulicholipia. Upau ukiwa mgumu kiasi cha kuchosha mkono, kebo yake ni kavu au imepinda: itie oili au ibadilishe.

Cha pili ni bodi, yaani kile chungu kilichopinduliwa kinachofunika kisu. Kuna za chuma na za aluminiamu. Kwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja tunasema aluminiamu bila kusita, kwa sababu nyasi mbichi iliyoganda chini ya bodi pamoja na hewa ya chumvi hula chuma kwa ndani kabla rangi ya nje haijaanza kuchubuka. Nairobi, Arusha au Mbeya, chuma kinafaa mradi unakikwangua. Aluminiamu ina udhaifu wake: ikigonga kisiki cha zege inapasuka, wakati chuma kingebonyea tu.

Cha tatu ni uhalisi. Injini za kuiga zimejaa, na nyingine zimeandikwa herufi zinazokaribiana kiasi kwamba lazima usome mara mbili. Injini halisi ya Honda ina jina la modeli na namba yake vimegongwa kwenye chuma cha injini, si kibandiko peke yake. Muulize muuzaji kama anauza filta ya hewa, kisu na kamba ya kuwashia za mashine hiyo hiyo, na akutolee uvione. Akisema "zinaagizwa", jua nyasi zako zitasubiri meli. Swali hilo lina uzito zaidi sasa, kwani Honda ya Marekani ilitangaza kuacha kutengeneza mashine zake za petroli za kukatia nyasi Septemba 2023. Vipuri vya GXV160 yenyewe havitakusumbua sana kwa vile inatumika kwenye mashine nyingi. Magurudumu, kebo na bodi za modeli fulani ndivyo vinavyoweza kukupa tabu.

Kuiandaa

Mashine huja kwenye boksi ikiwa na mpini uliokunjwa na injini isiyo na oili. Rudia kusoma: isiyo na oili. Injini nyingi za aina hii hazifi kwa uzee, hufa siku ya kwanza, dakika chache baada ya mtu kumwaga petroli na kuvuta kamba. Usitegemee kwamba itajizima yenyewe.

Funga kwanza mpini, nati za pande zote mbili zikiwa zimebana sawa, na hakikisha kebo hazikubanwa kwenye kiungo. Kebo iliyobanwa hapo hukatika taratibu bila kuonekana. Kisha weka mashine mahali tambarare na umimine oili ya SAE 10W-30. Ujazo wake ni lita 0.65, kwa hiyo chupa ya lita moja inatosha na kubaki, lakini usimimine yote 0.65 kwa mkupuo. Mimina nusu lita, subiri dakika mbili, pima, ongeza kidogo kidogo. Kijiti cha kupimia kwenye Honda hii hukifungi unapopima: kifute, kitumbukize hadi kikae, usikizungushe, kitoe usome. Ukikizungusha hadi mwisho kinazama zaidi ya inavyotakiwa, oili inaonekana imejaa kumbe bado. Injini za kampuni nyingine zinataka kinyume chake, ndiyo maana mafundi wengi hukosea hapa kwa nia njema.

Oili ikizidi nayo ni kasoro. Itapanda hadi kwenye filta ya hewa, moshi mweupe utajaa uwanjani, na mtu atakwambia ringi zimekwisha. Kwa joto la pwani SAE 30 pia inakubalika. Ile namba 40 nzito iliyobaki kwenye gari la mizigo iache huko huko.

Petroli ni safi, bila kuchanganywa chochote. Tunalisema kwa sababu nyumba zenye mashine hii mara nyingi zina pia mashine ya kufyekea ya begani, na nyingi za begani ni za mipigo miwili zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Madumu mawili yanayofanana kwenye stoo moja ni maafa yanayosubiri siku. Mchanganyiko ukiingia kwenye GXV160 utaona moshi na plagi itachafuka, si mwisho wa dunia. Petroli tupu ikiingia kwenye ile ya begani, pistoni inakwama na umepoteza injini. Paka dumu moja rangi nyekundu, jingine liache lilivyo, na umwonyeshe kila atakayeyashika.

Wakati wa kujaza, injini iwe imezimwa na imepoa, nje ya stoo, sigara mbali. Dumu unalochukulia petroli kituoni lijazwe likiwa limekaa chini ardhini, si juu ya pikapu. Kwenye tangi acha nafasi ya sentimita 2 au 3 juu, kwa kuwa petroli hutanuka kwa joto. Iliyomwagika ifute, na usogeze mashine mita 3 kutoka ulipojazia kabla ya kuiwasha.

Kabla ya kuvuta kamba

Tembea uwanja mzima kwa miguu. Si kuutazama kutoka barazani, kuutembea. Kwenye nyumba mpya adui mkubwa ni mabaki ya ujenzi: vipande vya nondo, misumari, na zaidi ya vyote waya wa kufungia nondo. Waya huo hauruki tu, unajizungusha kwenye shafti na kuikaba. Nyumba yenye mbwa ina mifupa. Nyumba yenye watoto ina vizibo vya soda, gololi na magari ya kuchezea. Mifuniko ya chemba, vichwa vya mabomba ya kumwagilia na mizizi iliyoinuka iwekee kijiti kirefu kama alama.

Watu na mifugo wawe mita 15 au zaidi, na watoto ndani ya nyumba kabisa, maana mtoto akiona mashine huifuata kwa nyuma. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtu asishike mashine ya kusukuma kabla hajafika miaka 12, na sisi tungeongeza kwamba miaka 12 peke yake haitoshi. Mdomo wa kutolea nyasi usielekee gari, dirisha, njia, wala ukuta wa karibu, kwani jiwe likigonga ukuta hurudi. Pazia la mdomo huo liwe limefungwa au mfuko uwe umekaa sawa. Mfuko wenye matundu hauzuii kitu.

Mavazi: buti au viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu, miwani ya kinga, vizibo vya masikio. Ndala, kandambili na yeboyebo haziruhusiwi hata kwa "dakika mbili tu". Wanaopoteza vidole vya miguu mara nyingi ni wale walioivuta mashine kurudi nyuma, kisigino kikakwama, nayo ikawapandia.

Urefu wa kukata panga injini ikiwa imezimwa, kwa sababu vikono vya magurudumu viko sentimita chache kutoka kwenye kisu. Magurudumu yote manne yawe kwenye tundu moja. Ukisahau moja, uwanja utatoka na ngazi kama kichwa kilichonyolewa gizani. Kikuyu iache sentimita 3 hadi 5, ukoka unavumilia chini kidogo ya hapo. Kanuni ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Baada ya masika, nyasi zikiwa zimefika sentimita 15, weka tundu la juu kabisa, kata, subiri siku mbili tatu, kisha shusha. Kikuyu iliyokatwa hadi kwenye mashina yake inageuka rangi ya mkeka, na unabaki unatazama udongo wiki kadhaa.

Kuiwasha

Iweke mahali tambarare penye nyasi fupi, si kwenye kokoto wala katikati ya majani marefu. Kokoto zitarushwa, na majani marefu yatakibana kisu hata kamba isivutike. Fungua koki ya petroli. Injini ikiwa baridi, peleka kikono kwenye choki. Ikiwa bado ina moto, usiweke choki kabisa, utaizamisha kwa petroli. Shika upau na mpini kwa mkono mmoja, vuta kamba polepole hadi uhisi ugumu, kisha vuta kwa nguvu moja. Usiiachie kamba ikajipige yenyewe, irudishe kwa mkono. Ikishika, rudisha choki taratibu.

Jaribio la kwanza kabla hujaanza kukata: achia upau. Injini inyamaze na kile kichungi cha juu kinachozunguka nayo kisimame kabla hujamaliza kuhesabu tatu kwa utulivu. Ikichelewa zaidi ya hapo, zima kazi, kaza kebo au badilisha kitambaa cha breki. Jaribio hili linachukua nusu dakika na linafanywa kila siku ya kazi.

Kukata kwenyewe

Kata kwa mafuta kamili. Wengi hupunguza wakidhani wanabana matumizi. Kisu kikienda polepole hakiinui nyasi, kinazipasua na kuziacha mafungu mafungu, na feni ya kupoza injini inapungua nayo. Mashine ikianza kulemewa, punguza mwendo wako wa miguu au upana wa mstari, si mafuta.

Sukuma mbele siku zote. Ikibidi kuivuta, achia upau kwanza, tazama nyuma, ndipo uvute. Kwenye mteremko kata kwa kukatisha, kulia kwenda kushoto, usikate kwa kupanda na kushuka. Ukiwa chini yake ukateleza, inakuja juu yako. Ukiwa juu yake ukateleza, miguu inaingia chini ya bodi. Kikomo cha busara ni nyuzi 15. Pima kwa ubao wa mita moja na pima maji: shikilia ubao uwe sawa, ncha ya juu ikigusa ardhi. Nafasi chini ya ncha nyingine ikizidi sentimita 27, hapo ni pa fyekeo au pa kupanda kitu kingine. Kuna sababu nyingine ya kuheshimu mteremko: oili ya injini hii hurushwa ndani kwa kupigwa, na ikilala upande muda mrefu sehemu nyingine zinakauka.

Nyasi mbichi ziache. Umande ukishakauka, kwenye saa nne asubuhi sehemu nyingi, ndipo uanze. Nyasi zenye maji huziba mdomo, na mdomo ukiziba ndipo watu wanapopeleka mkono. Ukiziba: zima, subiri kisu kisimame, chomoa kofia ya plagi na uiweke mbali na plagi, kisha toa kwa kijiti. Kofia hiyo si mapambo. Injini yenye moto inaweza kushika kwa kukizungusha kisu kwa mkono tu, na mkono huo utakuwa chini ya bodi.

Kisu

Hapa ndipo tunapoona mashine nzuri zikiharibiwa na mikono mizuri. Kukitoa: plagi imechomolewa, petroli imepungua, mashine imelazwa upande ambao kabureta na filta ya hewa vinabaki juu. Ukiilaza vingine oili inaingia kwenye filta na kwenye silinda, na wiki hiyo utaambiwa injini imekufa. Bana kisu kwa kipande cha mbao dhidi ya bodi, fungua bolti, na uweke alama ya rangi upande uliotazama ardhi.

Noa ukingo ule ule wa kiwandani, upande wa juu tu, kwa mwinamo wa kama nyuzi 30. Tupa inatosha. Grenda ukiitumia, chovya kisu majini mara kwa mara, kwani kikigeuka buluu chuma kimepoteza ugumu wake. Kisikate kama wembe, ukingo mwembamba mno unang'oka kwenye mchanga wa kwanza. Kisha ning'iniza tundu la katikati kwenye msumari ulioupigilia ukutani. Upande unaoshuka ni mzito, upunguze kidogo kidogo mpaka kikae mlalo. Kisu kisicho na usawa kinatetemesha mpini, na mtetemo huo huo ndio unaolegeza nati ulizofunga siku ya kwanza.

Kikague pale bawa linapoanza kuinuka, mahali panapokutana chuma bapa na chuma kilichopinda. Mchanga wa pwani hula hapo taratibu kama maji yanavyokula ukingo wa mto. Pakiwa pembamba au pana ufa, kisu hicho ni chakavu, hata kama makali bado yapo. Usikichomelee, usikinyooshe kwa nyundo, na usikubali kile cha springi ya gari kinachokatwa mtaani. Chuma cha springi ni kigumu lakini kikikatwa na kuchomelewa kinakuwa kama chungu, na tumeshaona hesabu ya kasi yake.

Kukirudisha: mabawa yatazame juu, upande wa injini. Ukikigeuza kitazunguka vizuri tu na hakitakata. Wosha maalumu zenye bonde ziwekwe bonde likielekea kisu. Kwenye mashine za Honda za ukubwa huu nguvu ya kubana huwa nyutonimita 49 hadi 59. Asiye na spana ya kupimia, achukue spana ya sentimita 30 na abane mwisho wake kwa nguvu ya kama kilo 17 hadi 20. Bolti yenye uzi uliolika ni ya kutupa.

Ikisumbua

Kero ya kwanza ya mashine hizi ni petroli iliyolala. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi mmoja hivi inaanza kuacha utomvu, na tundu la jeti ya kabureta ni dogo sana. Dalili: inawaka kwa choki tu, ukirudisha inakufa. Fungua bolti ya chini ya bakuli la kabureta, mwaga, na jeti isafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo, si kwa waya unaopanua tundu. Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Ukimaliza kazi ya mwisho ya msimu, funga koki na uiache injini inywe iliyobaki hadi izime yenyewe.

Kamba ikianza kukurudia mkononi kwa kishindo baada ya kugonga kisiki, shuku kii ya flaiwili. Kijichuma hicho kikikatika au kupinda, cheche inakuja wakati usio wake. Mashine ikitetemeka baada ya kugonga, zima papo hapo. Plagi ikiwa imechomolewa, pima umbali wa ncha moja ya kisu hadi ukingo wa bodi, zungusha kisu nusu, pima ncha ya pili mahali pale pale. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, kisu au shafti imepinda. Kisu ni bei ya kisu. Shafti inakaribia bei ya injini.

Moshi mweusi ni filta iliyoziba au choki isiyofunguka. Filta ya karatasi igongegonge mkononi vumbi litoke, na ikishakuwa nyeusi inunuliwe nyingine, usiioshe kwa petroli. Pengo la plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Oili, kwa vumbi letu, tungeibadilisha baada ya saa 5 za kwanza na kila saa 50 baada ya hapo, ikiwa ya moto kidogo ili uchafu utoke nayo. Injini haina filta ya oili, uchafu wote unazunguka humo humo. Na mara mbili kwa mwaka fungua kofia ya juu utoe nyasi kavu zilizojibana kwenye mapezi ya kupoza. Hapo ndipo panya hupenda kulala pia.

Ukilinganisha: mashine za bei nafuu zenye injini ndogo za Briggs & Stratton nyingi hazina choki wala kikono cha mafuta, ni rahisi kumkabidhi mgeni na zinatosha kwa chini ya robo eka. Za umeme hazina harufu wala kero ya kabureta, lakini waya unakuwa kitu cha kwanza kisu kinachotafuta, na bila kikata umeme cha miliampea 30 kwenye soketi hatuzipendekezi. GXV160 inashinda kwa kudumu, na inashindwa kwa uzito na kelele.

Ukiitafuta iliyotumika, fika bila kupiga simu ukiwa njiani, ili injini uikute baridi. Iguse. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaihangaikia kuwaka kabla hujafika. Chomoa kijiti cha oili: nyeusi inasameheka, ya rangi ya maziwa haisameheki. Jaribu upau, hesabu tatu. Kisha mwombe achomoe plagi na ailaze, kabureta juu, uone kisu, bolti na sehemu ya ndani ya bodi. Akikataa kuilaza, mwachie mashine yake.